Chokoleti ya Kunywa Haigandishi Pai

Swali ni lile lile, na huja kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua jibu lake kabla hajauliza: "Mwalimu, pai yangu ya chokoleti na nazi imetoka majimaji, niongeze vijiko vingapi vya chokoleti ya kunywa?" Nimeulizwa hayo hapa Mwakirunge, Mombasa, nimeulizwa Utange na Bamburi, nimeulizwa na mabibi wapikao kwa maharusi na vijana wauzao vipande penye vituo vya matatu, na kila nilipojibu kwamba hakuna kijiko cha kuongeza, niliangaliwa kama mtu afichaye siri ya kazi yake. Basi leo naliandika jibu kwa urefu, ili atakayeniuliza tena nimwonyeshe karatasi hii, nami nipate wasaa wa kurudi kwenye unga wangu.

Chokoleti ya kunywa ndiyo iliyoizuia pai yako isigande, na kuiongeza ni kumpa mgonjwa wa kuhara haluli.

Watu wengi, tena wenye akili zao, wana dhana kwamba kila unga wa rangi ya kahawia utokao katika kopo lenye picha ya kikombe ni kakao. Hasha. Geuza kopo usome ubavuni mwake, mahali ambapo kwa kanuni ya biashara viungo huandikwa kwa kutanguliza kile kilichozidi uzito, nawe aghalabu utaiona sukari imekaa mbele, na kakao ikifuata nyuma yake, wakati mwingine ikiwa na unga wa maziwa na chumvi kidogo. Kakao halisi ni kitu kingine kabisa: ni kile kinachobaki mbegu za mkakao zikiisha kukaangwa, kusagwa na kukamuliwa mafuta yake, kwa shinikizo ambalo nyumba ya Van Houten ya Amsterdam iliipatia hataza mwaka 1828. Unga huo hautiwi sukari hata chembe. Una mafuta yaliyosalia, kati ya sehemu kumi na ishirini na nne katika mia kwa kadiri ulivyokamuliwa, na baada ya mafuta una nyuzinyuzi na wanga, ambavyo vyote viwili hunywa maji na kuvimba vikipata moto. Hapo ndipo ilipo nguvu ya kakao ndani ya pai, nguvu ambayo mpishi asiyeijua hudhani ni ya rangi na harufu tu.

Sasa itazame sukari. Sukari huyashika maji isiyaachie wanga ukavimba, na hulifanya yai lichelewe kuganda, likataka moto mkali zaidi kuliko lingetaka lau lingekuwa peke yake. Ndiyo sababu rojo lenye yai na sukari nyingi mno hutoka jikoni likiwa limeshika pembezoni na likitikisika katikati kama uji, ilhali saa imetimia na ganda la chini limekwisha kuwa jekundu. Mpishi akiliona hilo husema moyoni mwake kwamba chokoleti ilikuwa chache. Juma lifuatalo huongeza vijiko vinne vya kopo lile lile, asijue kwamba katika vinne hivyo vingi ni sukari, na pai ya pili huwa laini kuliko ya kwanza.

Tupige hesabu, maana mizani haina upendeleo. Pai ya sahani ya inchi tisa yataka gramu 40 za kakao. Tuseme kopo lako lina robo ya kakao na robo tatu za sukari: ili uzipate gramu 40 za kakao sharti utie gramu 160 za unga ule, na pamoja nazo utakuwa umetia gramu 120 za sukari juu ya gramu 150 ulizokwisha kupima kwa mkono wako mwenyewe. Umekaribia kuifanya sukari ya pai nzima kuwa maradufu, kisha washangaa kwamba haikatiki. Na asiyekubali hesabu na ajaribu kwa macho: atwae sufuria mbili ndogo, katika kila moja atie nusu kikombe cha maji, katika ya kwanza vijiko viwili vya kakao, katika ya pili vijiko viwili vya chokoleti ya kunywa, akoroge hata vichemke. Kakao itamkaidi mwanzo, ielee juu na kufanya madonge, lakini ikichemka itakuwa nzito, na akipitisha kidole mgongoni mwa kijiko njia yake itabaki. Ile ya pili itayeyuka upesi kwa adabu nzuri, na mwisho wa kuchemka itakuwa kinywaji, kama ilivyokusudiwa na walioitengeneza.

Hapo huja hoja za kuitetea chokoleti ya kunywa, nami nimezizoea. Ya kwanza ni keki: "Mbona keki yangu hutoka vyema kwa kopo hilo hilo?" Keki husimama kwa unga wa ngano, pai hii husimama kwa yai, keki hustahimili sukari ambayo pai haiistahimili, na hata hiyo keki yako, kwa idhini yako, ni tamu kupita kiasi na chokoleti yake ni ya kubahatisha. Ya pili ni magadi ya kuokea. Kuna mtu, simjui ni nani wala sitaki kumjua, aliyewafundisha wanawake wa Kisauni nzima kwamba kijiko cha magadi huifanya pai iwe nyeusi na kuishikamanisha. Nusu ya kwanza ina chembe ya ukweli, kwa kuwa kakao isiyotiwa alkali kiwandani ina uchachu, na magadi yakiuondoa uchachu huo rangi hukolea. Nusu ya pili ni uzushi mtupu. Magadi hayagandishi kitu. Yakizidi, tena ndani ya rojo lisilokuwa na uchachu wa kuyapokea, huacha ladha ya sabuni ambayo hakuna iliki wala vanila itakayoificha, na nimeletewa pai ya namna hiyo, nyeusi ya kupendeza macho, nikaonja kipande kimoja na kuomba maji.

Ya tatu ni friji. Husemwa kwamba pai iliyokataa jikoni italala katika baridi na kuamka imeganda. Italala, naam, na asubuhi itakatika vizuri. Lakini itoe uiweke mezani, na kabla wageni hawajamaliza kunawa mikono itakuwa imerudi vile vile. Hapa pana jambo ambalo vitabu vya wageni havituelezi, kwa sababu walioviandika hawakuwa na haja nalo. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 au 25 za sentigredi, na mafuta ya kakao kwenye 34 hivi. Katika chumba cha London chenye nyuzi 20 mafuta ya nazi ni kitu kigumu, nayo husaidia kuishika pai. Mombasa, ambako mchana wa Februari hupita nyuzi 30, mafuta hayo ni maji tangu asubuhi hata usiku. Kwa hiyo pai ya pwani haiwezi kutegemea mafuta yaishike. Itashikwa na yai na wanga uliopikwa sawasawa, au haitashikwa.

Na ya nne ni ya wasomi: kwamba pai hii asili yake ni Marekani, na Wamarekani wenyewe hutumia chokoleti tamu. Ni kweli. Samuel German aliitengenezea nyumba ya Baker chokoleti yake yenye sukari mwaka 1852, na gazeti moja la Dallas lilipochapisha mwaka 1957 namna ya kupika keki kwa chokoleti hiyo, pamoja na nazi na kokwa, mapishi yakaenea nchi nzima, na pai ikafuata. Walakini ile ni chokoleti ya mche, yenye mwili wote wa kakao na mafuta yake ndani, na mwenye kuitumia huipunguza sukari ya kando. Mwenye kuipata chokoleti ya mche nyeusi na aitumie, yeye hana haja ya makala haya.

Najua kwamba kakao ilipanda bei. Mwaka 2024 tani moja ya mbegu zake ilipita dola 10,000 katika soko la dunia, jambo ambalo halikuwa limepata kuonekana kabla ya mwaka huo, na ingawa mkakao hulimwa Kyela na Bundibugyo, si mbali nasi, mazao yake aghalabu huuzwa ng'ambo yakiwa mbegu, sisi tukanunua unga uliozunguka dunia. Hata hivyo, gramu 40 ni gramu 40. Ukiilinganisha bei kwa kakao iliyomo, wala si kwa ukubwa wa kopo, huenda utaona kwamba katika ulichodhani ni rahisi umeilipia sukari bei ya chokoleti.

Kosa la pili ni la nazi, nalo ni letu zaidi, kwa kuwa huku minazi ni jirani na watu wa Kaloleni na Mwakirunge hawana mazoea ya kununua nazi ya pakiti. Nazi ya pakiti imekaushwa, haina maji ila kidogo sana. Nazi iliyotoka kwenye mbuzi sasa hivi karibu nusu ya uzito wake ni maji. Aliyeandika "gramu 100 za nazi" ng'ambo alikusudia ile kavu. Wewe ukitia mbichi kwa kipimo hicho umeongeza maji karibu nusu ya uzito huo ndani ya rojo, kisha ukaisingizia chokoleti. Dawa ni kuitandaza kwenye kikaango kikavu, moto wa chini, ukigeuza bila kuondoka, mpaka iache kutoa mvuke, iwe nyepesi mkononi na rangi yake ianze kuwa ya dhahabu. Hapo ndipo upime. Iwe nazi kamili iliyopevuka, si koroma, ambayo maji yake ni mengi na mafuta yake hayajatimia. Machicha yaliyokwisha kukamuliwa hayafai, utamu wake umekwenda na tui, na mwenye kuyatia hutia nyuzi tupu.

Basi, mapishi yenyewe kwa haraka. Ganda: gramu 200 za unga wa ngano, 100 za siagi baridi, chumvi, maji baridi ya kushikamanisha tu, litandaze, ulichome kwa uma, lijazie karatasi na kunde kavu, lioke robo saa, ondoa kunde, lioke tena dakika tano. Rojo: mayai matatu, sukari gramu 150, kakao 40 iliyochungwa, siagi iliyoyeyushwa 80, kasimele mililita 150, unga wa ngano vijiko viwili vya chakula, chumvi, iliki. Koroga kakao ndani ya siagi ya moto kwanza, isifanye madonge, kisha vingine, mayai mwisho siagi ikiwa imepoa. Nazi gramu 100, korosho 100. Nyuzi 170, dakika 40 hadi 45, mpaka pembeni pagande na katikati pacheze kidogo tu ukiitikisa sahani. Mwenye kopo la chokoleti ya kunywa na asiye na kingine: atie gramu 60 zake, sukari apunguze hadi 90, unga aongeze kijiko kimoja, na asiiite pai ya chokoleti mbele yangu.

Mwenye jiko la makaa asiogope. Waliopika mkate wa sinia hawakuwa na oveni. Mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, sahani juu ya vijiwe, makaa machache chini na mengi yapaliwe juu ya kifuniko, na baada ya nusu saa uyapunguze ya chini, maana ganda huungua kabla ya rojo.

Korosho zilizokaangwa za Kilifi ndizo bora. Makadamia ni nzuri kwa mwenye uwezo. Karanga zafaa, ila zichague moja moja na utupe zenye ukungu, zilizosinyaa au zilizobadilika rangi, wala usijifariji kwamba moto utazisafisha, kwa kuwa sumukuvu haiondoki kwa kukaangwa, na ndiyo iliyowaua watu 125 kwa mahindi mashariki mwa Kenya mwaka 2004. Muulize mlaji kama kokwa zamdhuru kabla hujamkatia.

Iache ipoe kabisa kabla ya kisu, saa tatu kamili. Ikishapoa, katika joto letu isikae mezani zaidi ya saa mbili. Iliyobaki iende kwenye friji na iliwe ndani ya siku tatu. Anayeuza barabarani abebe vipande katika kasha la barafu, na kasimele lake liwe la asubuhi hiyo hiyo, si la jana.