Ngome Isiyo na Mawe: Ziara Yetu ya Katuruka

Muhula uliopita mwalimu wetu wa historia alituletea picha za ngome za zama za kati. Tuliuona Mnara wa London, ambao Mfalme William alianza kuujenga baada ya kuiteka Uingereza mwaka 1066. Tuliona pia magofu ya Husuni Kubwa kule Kilwa, jumba la mawe ya matumbawe la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyempokea msafiri Ibn Battuta mwaka 1331. Hapo mwanafunzi mmoja akanyosha mkono na kuuliza, "Na sisi huku Bukoba, ngome zetu ziko wapi?" Darasa zima likacheka. Mwanafunzi huyo nilikuwa mimi, nami nakiri kwamba sikuuliza ili nijue. Niliuliza kwa dhihaka, maana niliamini kuwa hatuna kitu.

Mwalimu hakucheka. Alisema, "Jumamosi tutakwenda kuiona." Basi Jumamosi ile tukaondoka Kemondo asubuhi, tukashika barabara ya kuelekea Bukoba, kisha tukakata kwenda Maruku, mpaka tukafika kijiji cha Katuruka. Yafuatayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia huko, nami nayaandika ili wenzangu ambao hawajafika wapate kujua.

Kwanza ni lazima tuelewe maana ya ngome. Ngome si kuta tu. Ni mahali palipokusanya uwezo wa mtawala: makao yake, mahakama yake, hazina yake, na watu wake wa kazi. Kwa Wahaya mahali pa namna hiyo paliitwa kikale. Omukama alikaa ndani ya ua mkubwa wenye malango, na ndani ya ua zilijengwa nyumba nyingi za msonge, kila moja na kazi yake. Msonge hujengwa kwa miti na nyasi, na nyasi zake hushuka kutoka kileleni mpaka chini. Ni nyumba nzuri sana, yenye ubaridi mchana na joto usiku, lakini haidumu. Mchwa, mvua na moto huimaliza. Kwa hiyo mtu atafutaye ukuta wa mawe katika nchi ya Wahaya atarudi nyumbani akisema hakuna historia, kumbe ameikanyaga kwa miguu yake.

Katuruka palikuwa kikale cha Omukama Rugomora Mahe, aliyetawala nchi ya Kyamutwara katika karne ya 17. Mzee aliyetupokea tulimwamkia kwa heshima, "Shikamoo, tata," naye akatuongoza kati ya migomba na mibuni. Hakuwa na karatasi wala ramani. Alitembea na fimbo yake, akisimama hapa na pale: hapa lilikuwa lango, hapa nyumba fulani, pale nyumba nyingine. Mimi niliona migomba tu. Baada ya saa nzima nikaanza kuuona mji. Wanakijiji wenyewe wamejenga upya nyumba moja ya kifalme iitwayo Buchwankwanzi, ili mgeni apate kuona kwa macho yale ambayo wazee huyasimulia kwa maneno.

Kisha akatufikisha mahali paitwapo Kaiija. Zamani palisimama hapo mti mkubwa mtakatifu. Jina lenyewe lina maana ya mahali pa kufulia chuma. Wazee husimulia kwamba Rugomora Mahe alitamani kuona mbingu zikoje, akawaagiza wahunzi wamjengee mnara wa chuma wa kufika juu. Mnara ukapanda, ukapanda, mwisho ukaanguka. Na mahali chuma cha mnara huo kilipofuliwa, wanasema, ni hapo penye mti wa Kaiija.

Tulipoisikia hadithi hiyo tulitazamana tukatabasamu. Mzee akaona. Akasema, "Wanangu, hata mzungu mmoja alitabasamu, kisha akachimba."

Mzungu huyo ni Peter Schmidt, mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Marekani. Alikuja Buhaya mwaka 1969, akakaa na wazee, akawasikiliza kwa miezi mingi. Wazee ndio waliomwonyesha Kaiija. Alipochimba karibu na mti ule mwaka 1970, alikuta kweli mabaki ya kazi ya chuma, pamoja na vigae vya vyungu na makaa ya kale. Makaa yana saa yake ndani: wataalamu huweza kuyapima wakajua mti ulikatwa zamani gani. Vipimo vilionyesha umri wa zaidi ya miaka 2,000, na vingine vilifika yapata mwaka 500 kabla ya Kristo. Wako wanaobishana juu ya tarehe zile za kale kabisa, lakini hakuna abishaye kwamba chuma kiliyeyushwa katika nchi hii muda mrefu sana kabla Mnara wa London haujawekewa jiwe la kwanza.

Hebu tufikiri jambo hili. Rugomora Mahe aliishi karibu miaka 350 iliyopita. Mahali alipojenga kikale chake palikuwa tayari pa kale kwake, kama vile yeye alivyo wa kale kwetu. Huenda alipachagua kwa sababu hiyo hiyo, kwani aliyeshika mahali pa chuma alishika nchi. Chuma ndicho kilichotoa jembe, panga na mkuki. Jirani zetu wa Karagwe nao walijua hivyo. Katika makao ya kifalme ya Bweranyange, ambako Mukama Rumanyika aliwapokea Speke na Grant mwaka 1861, vitu vya enzi vilikuwa vya chuma, hata sanamu ndogo za ng'ombe. Mfalme wa Ulaya alionyesha uwezo wake kwa jiwe, na mfalme wa huku alionyesha wake kwa chuma.

Na hapa kwetu Kemondo je? Katika miaka ya 1970 wachimbaji walifika hata huku karibu na ghuba, wakafukua mashimo ya tanuri za karne za mwanzo baada ya Kristo. Katika sakafu ya baadhi ya tanuri hizo walikuta kishimo kidogo. Wazee walipoulizwa hawakushangaa. Walieleza kuwa ndimo huwekwa dawa ili tanuri izae chuma kizuri.

Mwaka 1976 wazee walioijua kazi hiyo tangu ujana wao waliombwa waifanye tena, baada ya miaka mingi ya kuiacha kwa sababu ya chuma rahisi kilicholetwa na meli kutoka ng'ambo. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Walichimba shimo, wakalikandika kwa udongo wa kichuguu, maana udongo huo hustahimili moto. Wakajaza ndani nyasi za kinamasi zilizochomwa. Juu yake wakajenga bomba kwa udongo na mavi ya chuma ya zamani. Wakapitisha mirija ya udongo mpaka ndani ya tanuri, wakafunga mivukuto ya ngozi, kisha wakatia makaa na mawe ya chuma, wakavukuta kwa zamu huku wakiimba. Mara za kwanza walikosea, kwa kuwa mikono ilikuwa imesahau. Hawakukata tamaa, na mwishowe chuma kikapatikana. Schmidt na mwenziwe Donald Avery waliyaandika hayo katika gazeti la wanasayansi mwaka 1978, na dunia ikastaajabu.

Sasa niwaambie kilichoniuma. Katika kibanja cha nyumbani kwetu kuna mawe meusi, mazito, yenye vitundu kama sifongo. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikiyarushia ndege. Babu alinikataza, akasema, "Hayo usiyachezee, ni mavi ya chuma, yana wenyewe." Sikumwuliza wenyewe ni akina nani. Siku ile Katuruka mzee aliinama, akaokota jiwe la namna ile ile, akaniwekea mkononi. Nikalitambua mara moja. Lakini babu yangu amekwisha kufa, na swali langu limekosa mtu wa kulijibu.

Mzee alituambia kwamba kijiji chao nacho kilipata hasara hiyo hiyo, tena kubwa zaidi. Ugonjwa wa UKIMWI, ambao uliingia mkoa wetu wa Kagera mapema kuliko mahali pengi katika nchi hii, uliwachukua watu wengi waliokuwa wakijiandaa kurithi habari za wazee. Mti wa Kaiija nao haupo tena. Ndiyo sababu wanakijiji walipoamka mwaka 2008 kufufua mahali pao, walifanya haraka, wakakaa na wazee waliobaki, wakasikiliza na kuandika. Ukuta wa mawe ukiachwa pweke kwa miaka mia bado utasimama. Ngome yetu sisi imejengwa katika kumbukumbu za watu, na ikiachwa kizazi kimoja tu, imeanguka.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu mambo matatu. La kwanza, mwendapo kutazama mahali pa kale, msitafute kuta tu. Tazameni udongo, miti na mawe, na ulizeni majina ya mahali, kwa kuwa jina kama Kaiija ni historia nzima katika neno moja. La pili, mkikuta mavi ya chuma au vigae shambani, msivichimbue wala msivibebe. Waarifuni walimu, maana kitu kilichoondolewa mahali pake hakiwezi tena kueleza habari zake. La tatu, na hili ndilo kubwa, likizo hii kaeni na babu na bibi zenu. Chukueni daftari, ulizeni, andikeni. Wazazi nanyi, tafadhali msichoke kujibu.

Mimi nimekwisha kuanza. Bibi yangu bado yu hai, naye juzi alinitajia majina manne ya sehemu za kijiji chetu ambayo sikuwahi kuyasikia. Daftari langu lina kurasa sita tayari. Nilipoulizia ngome darasani wenzangu walicheka pamoja nami, na sasa nawaomba waandike pamoja nami.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu