Siri ya Nuru katika Ngozi ya Kinyonga

Watu wengi huamini kwamba kinyonga hugeuka rangi kwa kusambaza na kukusanya rangi zilizomo mwilini mwake. Imani hiyo ina ukweli, lakini si ukweli wote. Mwaka 2015 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Geneva, Uswisi, walionyesha kwamba kwa dume la kinyonga wa Madagaska aitwaye Furcifer pardalis, jambo kubwa ni mpangilio wa fuwele ndogo mno zilizomo ngozini.

Fuwele hizo ni za guanini, dutu isiyo na rangi yake yenyewe. Zimepangwa ndani ya seli kwa safu zenye nafasi sawasawa, na nafasi hizo hupimwa kwa nanomita, yaani sehemu ya milioni ya milimita. Nuru tuionayo nayo ina mawimbi yenye urefu wa nanomita 400 hadi 700 hivi. Nuru ipigapo safu hizo, kila safu huirudisha kidogo. Wimbi ambalo urefu wake waafikiana na nafasi hizo, marejeo yake hukutana sawia, yakaongezeana nguvu. Basi wimbi hilo halipenyi, bali hurudi machoni petu. Mengine hupita.

Kinyonga atuliapo, fuwele zake hukaribiana na kurudisha nuru ya buluu. Ikichanganyika na rangi ya manjano iliyomo ngozini, twaona kijani. Akabiliwapo na dume mwenzake, fuwele huachana, na mawimbi marefu zaidi, ya manjano na mekundu, ndiyo yarudishwayo. Watafiti walithibitisha hayo kwa kutia vipande vya ngozi katika maji ya chumvi: seli zilinywea, fuwele zikasogeleana, na rangi ikaelekea buluu.

Mwaka 1987 Eli Yablonovitch na Sajeev John, kila mmoja kwa njia yake, walikuwa wameeleza kwamba mpangilio wa namna hii waweza kuyafungia njia kabisa mawimbi fulani ya nuru. Leo zimetengenezwa nyuzi za kioo zenye vitundu vilivyopangwa hivyo, ambamo nuru husafiri katika tundu la katikati lenye hewa tupu, kwa kuwa vitundu vinavyolizunguka haviiruhusu kutoroka.

Hapana budi tuzingatie funzo hili: ili kuiongoza nuru, si lazima kubadili kitu chenyewe, mara nyingine yatosha kubadili nafasi.