Uvimbe ku titi, damu mu choo: picha inaonyesha nini?

Sisi ni wa-agronome, hatuko wanganga. Lakini siku ya kupima kahawa mama mumoja alituita pembeni: «Nikifanya ekografi, ile picha itasema kama ni kansa?» Tulienda kuuliza munganga.

Ekografi inatumia sauti ambayo sikio halisikii. Inaonyesha kama uvimbe ni mufuko wa maji, ambao mara nyingi hauna hatari, ao ni nyama ngumu. Kwa wamama vijana inaona vizuri kuliko mamografi, ni kusema radio ya titi, kwa sababu titi lao lingali nzito ndani. Lakini picha haikati maneno. Munganga anatoa kipande kidogo na sindano, kinapimwa mu laboratware. Ni kama muhogo: majani unaona ni mazuri, kumbe mizizi imeoza, mpaka uchimbe na ukate.

Damu mu choo kubwa, hapo ndipo tunajidanganya zaidi. Tunasema ni amiba, ao bawasiri, tunameza dawa za soko miezi na miezi. Munganga anaanza na kidole tu, kisha mupira wenye kamera, na hapo pia anakata kipande. Kama ni kansa, IRM inaonyesha imeingia ndani kiasi gani, ili wajue kama watapasua mara moja ao wataanza na dawa na miale.

Uvimbe mwingi wa titi si kansa. Lakini kansa yenyewe mwanzoni mara nyingi haiumi, basi kungoja maumivu ni kuchelewa. Mama yule anaenda siku ya ine. Kooperative imemukopesha pesa ya njia.