Fahamu: Kwa nini darubini za redio huhitaji mtandao wa kasi

Interferometria ya masafa marefu sana ni mbinu ya kuunganisha mawimbi ya redio yanayonaswa na darubini zilizo mbalimbali, kila moja ikiongozwa na saa ya atomu, ili zifanye kazi kama darubini moja yenye upana wa bara. Katika mtandao wa darubini wa Ulaya, ambao darubini ya Hartebeesthoek ya Afrika Kusini ni mshiriki wake, data huweza kupitia nyaya za faiba hadi Dwingeloo, Uholanzi, ambako kompyuta huzilinganisha papo hapo, jambo lenye thamani kubwa nyota inapolipuka ghafla. Kinyume chake, diski za data za mradi wa darubini wa Event Horizon zilizorekodiwa Ncha ya Kusini mnamo Aprili 2017 zilisubiri ndege hadi kipupwe kikali kiishe, zikafika maabara mwezi Desemba.