Majina waliyotuachia wapita njia

Ukisimama katikati ya mji wa Mbale ukatazama mashariki, utaona ukuta wa mwamba umeinuka juu ya mapaa ya mabati. Mvua kubwa ikishanyesha, maji huuteremka kwa michirizi myeupe mpaka mashambani. Huo ni Wanale, jina la mmoja wa wana watatu wa Masaaba, babu wa Wamasaaba wote kwa mujibu wa mapokeo. Lakini mwamba huo huo unaitwa pia Nkokonjeru, yaani kuku mweupe, kwa Kiganda. Mlima wenyewe ulio nyuma yake, wenye kilele cha mita 4,321, wenyeji huuita Masaaba. Ulimwengu unaujua kwa jina la Elgon, lililotokana na lugha ya Wamaasai.

Hata "Wagisu", jina wanaloitwa Wamasaaba, lina asili ya nje. Wazee husimulia kwamba Mwambu, mwana wa kwanza wa Masaaba, alikuwa akichunga ng'ombe wa baba yake Wamaasai walipokuja kuwateka. Akawafuata wezi hao peke yake. Ujasiri wake uliwashangaza hata wakamrudishia mnyama, na kutokana na neno lao la ng'ombe, inkishu, Mwambu akaitwa Mugisu. Jina la utani la mwana mmoja limekuja kuwafunika ndugu zake wote, na ndilo lililoandikwa kwenye ramani za serikali.

Jambo kama hili liliwapata watu wa mbali sana na Mbale. Waliojenga Tenochtitlan, mahali ulipo leo mji wa Mexico City, walijiita Mexica, hutamkwa Meshika. Mapokeo yao yalisema walitoka mahali paitwapo Aztlan, na kwamba njiani mungu wao Huitzilopochtli aliwaamuru waliache jina la huko. Wakaliacha. Dola yao ilianguka mwaka 1521 mikononi mwa Wahispania. Karibu miaka 300 baadaye, mwaka 1810, Mjerumani Alexander von Humboldt akalitumia neno "Azteki" kitabuni, na historia ya William Prescott, Mmarekani, iliyotoka mwaka 1843, ikalisambaza. Jina walilokatazwa na mungu wao wakarudishiwa na wageni, wakati hawana tena dola ya kulikataa.

Huku kwetu kalamu iliyoandika ilikuwa mara nyingi ya Muganda. Semei Kakungulu, jemadari aliyewatumikia Waingereza, aliweka makao yake Mbale mwanzoni mwa karne ya 20, na mawakala wake wakatawala kwa Kiganda. Nchi za mashariki zikaitwa Bukedi, neno ambalo Waganda, wavaaji wa magome ya mutuba, walilitumia kwa majirani waliowaona kuwa wako uchi. Ni tusi, na bado limo katika jina la eneo la Tororo na Pallisa. Kwa maoni yangu hilo ndilo zito kuliko yote, kwani Wagwere, Wanyole na Wapadhola wana majina yao.

Mji wa Jinja una bahati zaidi kidogo. Mvumbuzi Mwingereza Speke alipofika hapo kwenye maporomoko ya mto Nile Julai 1862 aliyapa jina la Lord Ripon, ingawa yeye mwenyewe aliandika kwamba wenyeji waliyaita Mawe. Bwawa la Owen Falls lilipozinduliwa mwaka 1954, maporomoko yalikuwa yamekwisha kuzama, na jina la Ripon likabaki bila kitu cha kuitwa. Mawe yamebaki ndani ya jina la mji, Jinja, yaani jiwe, na mto wenyewe Wasoga wanauita Kiyira hadi leo.

Kiswahili nacho kina mkono wake. Misafara ya pwani iliita Buganda "Uganda" na Busoga "Usoga". Usoga umefutika, Uganda limekuwa jina la nchi nzima, kuanzia himaya ya Waingereza ya mwaka 1894.

Sidai kila kibao king'olewe. Nchi haiwezi kubadili jina kila anapokufa mzee anayelikumbuka la zamani. Ninachoomba ni kidogo: wanaochapa vitabu vya shule waandike Masaaba pale wanapoandika Elgon, na Kiyira pale wanapoandika Nile. Inzu ya Masaaba, taasisi ya utamaduni ya Wamasaaba, na ufalme wa Busoga wakusanye majina ya vijito, vilima na mapango kabla wanaoyajua hawajaondoka. Nawe msomaji, kama una bibi huko Bududa au Bugembe, muulize wiki hii kilima chake kiliitwaje, kisha uandike.