Ghafla na Kali: Istilahi Mbili katika Utambuzi wa Ugonjwa wa Kongosho kwa Mbwa

Makala hii inafafanua jinsi kuvimba kwa kongosho kunakoanza ghafla na kuwa kukali kunavyotambuliwa kwa mbwa. Inaonyesha pia kwamba miongozo ya Kiswahili ya tiba ya wanyama inahitaji kutenganisha dhana mbili ambazo neno "kali" huelekea kuzichanganya.

"Ghafla" hueleza wakati, na kinyume chake ni "sugu". "Kali" hueleza uzito wa ugonjwa, na kinyume chake ni "hafifu". Mtafsiri anayetumia "kali" kwa dhana zote mbili huligeuza swali la pili la daktari kuwa marudio ya la kwanza. Vilevile, "uvimbe wa kongosho" huweza kueleweka kuwa saratani; hivyo "kuvimba" ni salama zaidi.

Swali la kwanza ni iwapo kongosho imevimba. Katika ugonjwa huu, vimeng'enya ambavyo hupaswa kuanza kazi vikifika kwenye utumbo mdogo huanza mapema na kuishambulia kongosho yenyewe. Mbwa hutapika, hukataa chakula na huumwa tumbo. Wengine huinamisha kifua na kuinua sehemu ya nyuma. Hata hivyo, mbwa aliyemeza mfupa ukaziba utumbo huweza kuonyesha dalili hizohizo. Eksirei husaidia kuchunguza uwezekano huo, lakini haithibitishi ugonjwa wa kongosho. Kipimo cha damu cha lipesi mahususi ya kongosho kina nguvu zaidi: katika toleo lake linalotumika sana, mikrogramu 200 kwa lita au chini yake huhesabiwa kuwa kawaida, na 400 au zaidi huashiria ugonjwa. Kati ya viwango hivyo, jibu ni la mashaka. Katika ultrasaundi, kongosho huonekana kubwa na nyeusi kuliko kawaida, huku mafuta yanayoizunguka yakionekana meupe.

Swali la pili ni ukali. Hapa kiwango cha lipesi pekee hakitoshi, kwani namba kubwa haimaanishi lazima ugonjwa mzito. Daktari huangalia madhara nje ya kongosho: figo kushindwa kazi, kupumua kwa shida, shinikizo la damu kushuka, damu kutoganda ipasavyo. Vipimo hurudiwa, kwa sababu mbwa aliyeonekana na hali hafifu asubuhi huweza kuzidiwa jioni.

Kwa watunga sera, pendekezo ni dogo lakini lina uzito. Fomu na miongozo iwe na vipengele viwili tofauti: mwanzo (ghafla au sugu) na ukali (hafifu au kali). Fomu yenye kipengele kimoja itamfanya msomaji aamini kwamba kila ugonjwa wa ghafla ni mkali, au, kwa hatari zaidi, kwamba ukali umekwisha kupimwa ilhali haujaulizwa.