Haraka ya kufuta madoa ya chunusi inavyowaharibu vijana ngozi

Likizo ndefu ndipo wazazi wengi wanapoziona vizuri chunusi za watoto wao. Kijana aliyeondoka kwenda bweni akiwa na uso laini anarudi na vipele mashavuni, na kila kipele kilichopona kimeacha doa jeusi. Shangazi anauliza, jirani anashauri, na kabla wiki haijaisha kuna tyubu mpya mezani, imenunuliwa dukani bila kijana kuonwa na mtaalamu yeyote.

Mara nyingi tyubu hiyo huonekana kufanya kazi. Ndani ya siku chache vipele vinatulia, uvimbe unapungua na uso unaanza kung'aa. Balaa huja baadaye. Kijana akiacha kupaka, chunusi zinarudi kwa wingi kuliko mwanzo, ngozi inawaka moto, na doa lililokuwa dogo linasambaa kuwa baka.

Kwa watu wenye ngozi nyeusi, hali hii ni ya kuangaliwa kwa makini. Uso mwingi ulioharibika haukuharibiwa na chunusi zenyewe. Uliharibiwa na haraka ya kuzifuta.

Chunusi si uchafu

Mtoto anapobalehe, homoni huamsha tezi za mafuta zilizo chini ya ngozi, hasa usoni, kifuani na mgongoni. Mafuta hayo yakichanganyika na seli za ngozi zilizokufa huziba kinyweleo. Bakteria wanaoishi kwenye ngozi ya kila mtu huongezeka ndani ya tundu lililoziba, mwili unapambana nao, na hapo ndipo kipele kinapovimba na kutunga usaha.

Mchakato huo wote unatokea chini ya ngozi. Ndiyo maana kumsugua kijana kwa dodoki, au kumwambia aoge uso kwa sabuni kali mara nne kwa siku, hakumponyi. Ngozi inachubuka, inavimba zaidi, na madoa yanaongezeka. Kunawa uso mara mbili kwa siku kwa sabuni isiyo kali kunatosha, na tena akishatoka kucheza mpira akiwa na jasho.

Kitu kimoja ambacho wazazi husahau ni mafuta ya nywele. Mwaka 1970 madaktari wa ngozi nchini Marekani walieleza aina ya chunusi inayotokea kwenye paji la uso na pembeni mwa nywele kwa watu wanaopaka mafuta mazito kichwani. Kama vipele vya binti yako vimejipanga kufuata mstari wa nywele, anza kwa kubadilisha mafuta ya nywele kabla ya kununua dawa yoyote. Vivyo hivyo kwa mafuta mazito ya mgando yanayopakwa usoni kila asubuhi.

Doa na kovu ni vitu viwili

Rangi ya ngozi hutokana na melanini. Kipele kinapovimba, seli zinazotengeneza melanini hushtuka na kumwaga rangi nyingi mahali hapo. Kipele kikipona, rangi inabaki. Hilo ndilo doa jeusi, na ngozi nyeusi hulipata kwa urahisi zaidi kwa sababu seli zake hutengeneza melanini nyingi.

Habari njema ni kwamba doa la aina hii kwa kawaida hufifia lenyewe. Huchukua miezi kadhaa, na lililozama ndani linaweza kuchukua mwaka au zaidi. Vitu vinavyolichelewesha vinajulikana: jua, kutumbua vipele kwa kucha, na kupaka kitu kinachounguza.

Kovu ni jambo jingine. Kovu ni shimo au uvimbe unaobaki pale ngozi ya ndani ilipoharibika. Pitisha kidole taratibu. Kama ngozi ni tambarare na rangi pekee ndiyo imebadilika, hilo ni doa. Kama kidole kinahisi shimo au kinundu, hilo ni kovu, na hakuna krimu ya kung'arisha itakayolisawazisha.

Tofauti hii ina maana kubwa mfukoni. Familia inaweza kutumia fedha kwa miezi mingi kufuta madoa wakati chunusi mpya bado zinatoka kila wiki, na kila chunusi mpya inaleta doa lake. Kwanza huzuiwa chunusi. Madoa yanafuata. Makovu ni ya mwisho.

Kilichomo ndani ya tyubu

Kabla kijana hajapaka chochote, soma boksi. Tafuta maneno haya manne: clobetasol, betamethasone, hydroquinone na mercury.

Mawili ya kwanza ni dawa za kundi la steroidi. Ni dawa halali na zina kazi yake, kama vile kutibu baadhi ya magonjwa ya ngozi yenye muwasho na uvimbe, kwa muda mfupi na kwa maelekezo ya daktari. Steroidi hushusha uvimbe haraka, na ndiyo sababu uso hupendeza siku za mwanzo. Zikitumika usoni kwa wiki nyingi, ngozi inakuwa nyembamba, mishipa midogo ya damu inaonekana, nywele zinaota mashavuni, na vipele vya aina mpya vinatokea. Kama kijana alikuwa na fangasi, steroidi huficha dalili huku fangasi wakiendelea kusambaa.

Hydroquinone hupunguza utengenezaji wa melanini. Madaktari wa ngozi huitumia kwa kipimo maalumu na kwa miezi michache. Ikipakwa ovyo kwa muda mrefu, inaweza kufanya kinyume chake. Mwaka 1975 watafiti wa Afrika Kusini walieleza wagonjwa waliotumia krimu hizo ambao ngozi zao ziligeuka nyeusi yenye ubluu, hali ambayo ni ngumu sana kuitibu. Mwaka 1990 nchi hiyo ikapiga marufuku vipodozi vyenye kemikali hiyo. Tanzania nayo hairuhusu hydroquinone kwenye vipodozi.

Mercury ni zebaki. Huharibu figo na mishipa ya fahamu, na haimwathiri anayepaka peke yake. Mwaka 2012 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kilitoa ripoti kuhusu familia za California na Virginia zilizokuwa na krimu za kung'arisha zenye zebaki nyumbani. Zebaki ilikutwa hata kwa watu wa nyumba hizo ambao hawakuwahi kupaka krimu hizo, watoto wakiwemo. Zebaki hubaki kwenye mikono, taulo na mashuka, na hugeuka mvuke unaovutwa na wote chumbani. Mama anayepaka mkorogo wa namna hiyo kisha akambeba mwanawe, anamgawia.

Tatizo la mkorogo ni kwamba hauna boksi la kusoma. Unachanganywa kwenye kopo, na anayeuza anaweza asijue kila kilichomo. Tangu 2019 usimamizi wa vipodozi nchini uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, baada ya kuhamishwa kutoka iliyokuwa TFDA. Krimu isiyo na jina la mtengenezaji, orodha ya viambato wala tarehe ya mwisho wa matumizi haifai kuingia nyumbani.

Kama kijana ameshatumia krimu ya steroidi kwa muda mrefu, asiachishwe kimyakimya nyumbani. Mpelekeni hospitali na tyubu yenyewe mkononi, ili daktari ajue namna ya kumwachisha.

Wiki 12 za kuanzia

Chunusi za kawaida zinaweza kuanza kutibiwa kwa dawa za famasi. Mfamasia anaweza kukuelekeza kwenye moja kati ya hizi tatu.

Ya kwanza ni benzoili peroksaidi, ambayo huua bakteria wa chunusi. Kipimo cha asilimia 2.5 hadi 5 kinatosha kuanzia. Hupausha rangi ya taulo na foronya, kwa hiyo mpe kijana taulo nyeupe. Ya pili ni adapalini ya asilimia 0.1, inayozuia vinyweleo kuziba. Hupakwa usiku. Asiitumie binti au mwanamke mwenye ujauzito. Ya tatu ni asidi ya salisiliki, ambayo hufaa zaidi kwa vipele vidogo vyeusi na vyeupe visivyo na usaha.

Dawa hupakwa eneo lote linalotoka chunusi, kwa kuwa inazuia zile ambazo hazijatokea. Kiasi kinachotosha uso mzima ni kama punje ya mbaazi. Kwa wiki mbili za mwanzo apake siku moja na kuruka moja, kwani ngozi inaweza kukauka na kuchonyota. Kuchonyota kidogo ni kawaida. Uso ukiungua au kuvimba, aache.

Matokeo huanza kuonekana kati ya wiki ya sita na ya 12. Hapa ndipo familia nyingi zinapokata tamaa na kurudi kwenye tyubu ya wiki moja.

Kwa madoa, kinga ya jua ndiyo ya kwanza. Ngozi nyeusi nayo hudhurika na jua, na doa linalopigwa jua kila siku halififii. Losheni yenye SPF 30 au zaidi inafaa, na hurudiwa kila baada ya saa mbili ukiwa juani. Kama bajeti hairuhusu, kofia pana, mtandio au mwavuli husaidia sana.

Asidi, vijisindano na mwanga

Kliniki za urembo zimeongezeka mijini, na vijana wanaziona kwenye simu kila siku. Baadhi ya huduma zake zina manufaa ya kweli zikifanywa na mtaalamu. Wazazi wanahitaji kujua zinavyofanya kazi.

Kubandua ngozi kwa asidi ni kupaka asidi inayoondoa tabaka la juu la ngozi. Asidi ya salisiliki ya asilimia 20 hadi 30 hubandua juu juu na inavumiliwa na ngozi nyeusi ikitumiwa kwa uangalifu. Asidi zinazozama ndani zinaweza kuunguza na kuacha madoa mabaya kuliko yale yaliyompeleka kijana kliniki.

Vijisindano ni kifaa kinachotoboa ngozi kwa matundu madogo sana ili ijijenge upya. Hutumika kwa makovu yenye mashimo. Kwa kuwa hakitumii joto, hatari ya kuacha madoa ni ndogo ukilinganisha na leza nyingi. Lakini hakifai uso ukiwa bado na chunusi zenye usaha, na sindano lazima ziwe mpya kwa kila mtu.

Leza hutumia mwanga, na hapa ngozi nyeusi ina hatari yake. Melanini hunyonya mwanga na kuugeuza joto. Mashine iliyopangwa kwa ngozi nyeupe inaweza kuiunguza ngozi nyeusi ndani ya dakika chache. Zipo leza zenye mawimbi marefu, kama Nd:YAG ya nanomita 1064, zinazopita melanini kwa usalama zaidi, lakini bado zinahitaji mikono yenye uzoefu.

Sindano na dripu za kung'arisha mwili ni suala lingine kabisa. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, haijawahi kuidhinisha sindano yoyote ya kung'arisha ngozi. Kijana hana sababu ya kuchomwa.

Kabla ya kulipa, mzazi aulize maswali manne. Anayefanya kazi hii amesomea nini? Ameshawahudumia watu wenye ngozi kama ya mwanangu, na picha zao ziko wapi? Atajaribu kwanza sehemu ndogo? Akiungua, nani atamtibu? Na kama kuna mtu kwenye familia anayeota makovu makubwa yanayovimba, yaani keloidi, lisemwe mwanzoni kabisa.

Wakati wa kwenda hospitali

Kijana aonwe na daktari kama ana vinundu vikubwa vyenye maumivu, kama makovu yameanza kutokea, kama wiki 12 za dawa ya famasi hazijaleta nafuu, au kama binti ana chunusi nyingi pamoja na ndevu na hedhi isiyo na mpangilio. Anzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya na uombe rufaa. Muhimbili ina kliniki ya ngozi, na KCMC mjini Moshi ina kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza 1992, ambacho kimefundisha wataalamu wa nchi nyingi za Afrika.

Daktari anaweza kuandika vidonge vya antibayotiki kwa muda maalumu. Kwa chunusi kali sana kuna isotretinoini, dawa yenye nguvu inayoweza kumlemaza vibaya mtoto aliye tumboni. Msichana hatakiwi kupata ujauzito akiitumia, wala ndani ya mwezi mmoja baada ya kuiacha. Vidonge hivi havinunuliwi kwa kuelekezwa na rafiki.

Angalia pia moyo wa kijana. Akianza kukwepa picha, kanisa au msikiti, sherehe za ukoo au kurudi shule, chunusi zimeshapita kwenye ngozi. Utani wa nyumbani kuhusu uso wake ukome, hata ule wa mjomba anayedhani anachekesha.

Siku mnayoanza matibabu, mpige picha kwa simu karibu na dirisha, mashavu yote mawili na paji. Rudieni kila baada ya wiki mbili, mahali pale pale na saa ile ile. Kioo cha kila asubuhi hakionyeshi mabadiliko, lakini picha ya kwanza na ya sita zikiwekwa pamoja zitamwonyesha kijana kama dawa inamfaa, au kama ni wakati wa kumwona daktari.